Aliyetoka Chumba cha Mahututi Asiachwe Njiani

Ugonjwa uliomlaza ukitulia, mgonjwa aliyekaa majuma matatu katika chumba cha wagonjwa mahututi, akipumua kwa mashine, hupewa ruhusa ya kurudi kwao. Jamaa humpokea kwa dua na shukrani, na ndivyo ifaavyo. Lakini aghalabu haupiti muda kabla hawajagundua kwamba mtu wao hawezi kuinuka kitini bila kushikwa, wala kikombe cha chai hakimtulii mkononi. Wapo watakaomwita mvivu. Wapo watakaomtafutia mganga wa kumpunga.

Si uvivu wala si pepo. Mwili ulioshambuliwa na maradhi makali hula misuli yake wenyewe, na mishipa ya fahamu nayo huweza kudhurika. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, madaktari wa London waliupima msuli wa mbele wa paja la wagonjwa mahututi, wakaona kwamba ndani ya siku 10 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Wenzao wa Toronto, Kanada, waliwafuatilia kwa miaka mitano watu walionusurika maradhi makali ya mapafu. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba masafa waliyoweza kutembea kwa dakika sita yalikuwa bado kiasi cha robo tatu tu ya yaliyotarajiwa. Wengi wao hawakuwa wazee.

Dawa ya hali hii ni mazoezi ya viungo. Huko Marekani, mwaka 2009, ilionekana kwamba asilimia 59 ya wagonjwa waliozoezwa mapema walitoka hospitali wakijitegemea kwa kula, kuvaa, kuoga na kutembea; kwa wenzao ilikuwa asilimia 35. Ni kweli kwamba uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2022 haukuona faida ya kumzidishia mgonjwa mazoezi akiwa bado mahututi, na madhara yaliongezeka. Hilo halitangui hoja yetu. Latuonyesha tu kwamba kazi hii yataka mjuzi, si kumvutavuta mtu mikono.

Na hapa ndipo bahari inapoingia. Kumwambia mtu wa Tumbatu au Kojani arudi hospitalini mara mbili kwa juma ni kumtaka asiyeweza kusimama apande chombo, na pengine abebwe mgongoni kupita majini. Atakwenda mara moja, labda mbili. Wa Pemba aliyetibiwa Mnazi Mmoja ana safari ndefu zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo mtaalamu ndiye amfuate mgonjwa. Kabla ya ruhusa kutolewa, nguvu za mgonjwa zipimwe, jamaa mmoja afundishwe mazoezi mbele ya mtaalamu, na barua ya Kiswahili chepesi iende kwenye kituo cha afya cha karibu na kwao. Humo iandikwe pia chakula cha kujenga misuli: samaki, dagaa, mayai, maharage, maana uji mtupu, ambao ndio desturi yetu kwa mgonjwa, hautoshi. Kisha pawe na siku maalumu kila juma ambapo mtaalamu atavuka.

Nauli ya chombo ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya mashine iliyomwokoa mtu huyo. Tungependa kuliona fungu lake, kwa jina lake, katika makadirio ya Wizara ya Afya yatakaposomwa Baraza la Wawakilishi.