MANOWARI UKUTANI

Niliingia nyumba moja hapa Nyasura, Bunda, nyumba ya watu wenye asili ya Unguja, nikaketishwa chini ya picha yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nikadhani ni Al-Kaaba. Kumbe ni manowari ya Kiingereza, St George! Na kando yake picha ya askari wa Kizungu wameuzunguka mzinga walioteka, wametulia kama watu wa harusini.

Kijana wa nyumba akanieleza kwa furaha kwamba yeye hukusanya picha za manowari za kale na mabaharia wake. Anazo St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Nikamwuliza, "Mwanangu, mizinga hii ilimpiga nani?" Akanyamaza.

Basi na tumwambie. Alhamisi tarehe 27 Agosti 1896, mwezi wa Maulidi, mwaka 1314 wa Hijra, kikosi hicho kililipiga jumba la Unguja alimokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash, kwa kuwa ameshika ufalme bila ya idhini ya balozi wa Kiingereza. Walianza saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nne wamekwisha. Kiasi cha watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na humo jumbani walikuwamo watumishi na watumwa wasio na lao jambo. Kwa Waingereza alijeruhiwa mtu mmoja. Kisha waliomfuata Khalid wakatozwa fedha kulipia hata makombora waliyopigwa nayo! Mtu apigwe bakora, halafu alipe bei ya bakora. Dhulma gani hii?

Ataniambia, "Shekhe, hii ni tarehe." Kweli. Wala sisemi zichomwe. Picha hizo ndizo zinazotuonyesha jumba lile lilivyobomoka. Hukumu ya picha zenyewe siiingilii leo, wanavyuoni wamekhitilafiana. Lakini kitu cha ukumbusho huwekwa sandukuni, kikaandikwa nyuma siku yake na waliokufa. Kutiwa fremu, kuangikwa pahala pa heshima, watoto wakala chakula chao wakimtazama aliyewaua babu zao, huko ni kutukuza, hata mwenye nyumba akikataa.

Na nyinyi wazazi msimtwike kijana lawama yote. Ni nani katika nyinyi aliyemhadithia? Mmemwachia manowari wamfundishe wale waliozipiga picha.

Ijumaa iliyopita nilipita tena. St George haipo ukutani, na askari wake hawapo. Imebaki moja ndogo: milingoti ya Glasgow, merikebu ya Sayyid Barghash iliyozamishwa siku ile, ikichungulia juu ya maji ya bandari, ilivyokaa mpaka ilipokatwa chuma chakavu mwaka 1912. Kijana akaniuliza kama nayo aitoe. Nikamwambia aiache.