Vazi la Kuruta Lisijue Mtoto wa Nani

Vijana waliomaliza kidato cha sita huitwa kambini wakati ambapo Mafinga iko katika baridi yake kali. Mji huo wa Wilaya ya Mufindi, ulio kilomita 80 hivi kusini-magharibi mwa Iringa, umekaa juu karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni upepo wake haumwonei huruma mgeni aliyetoka Lindi au Tanga na kishati chepesi. Huko ndiko iliko mojawapo ya kambi za Jeshi la Kujenga Taifa. Na huko kijana hukutana na somo ambalo miaka 13 ya darasani haikumpa nafasi ya kulizingatia barabara, nalo ni somo la kuvaa.

Wapo wanaolibeza somo hilo. Husema kwamba kuchomekea fulana, kukaza kamba za viatu na kutandika shuka bila kikunyanzi ni mambo ya watoto, na kwamba taifa linalohitaji wahandisi na waganga halina sababu ya kuwapotezea vijana wake wakati kwa mambo madogo kama hayo. Hoja hiyo ni tamu masikioni, lakini haina mashiko. Katika mchakamchaka wa alfajiri, kamba moja iliyolegea humwangusha mwenye nayo pamoja na wote wanaomfuata nyuma. Katika bweni lenye vijana wengi, fulana moja isiyofuliwa huleta ukurutu kwa vitanda vya jirani. Uzembe wa mtu mmoja hulipwa na kikosi kizima, na kuruta huanza kuielewa kanuni hiyo kwenye nguo zake kabla hajaielewa kwenye silaha.

Lakini vazi la kuruta lina maana nyingine iliyo kubwa zaidi ya unadhifu. Katika miaka ya karibuni matangazo ya JKT yamekuwa yakiwataka vijana hao waripoti na vitu vilivyotajwa kimoja kimoja: bukta ya rangi ya buluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au buluu, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za rangi ya buluu bahari, traksuti ya kijani au buluu, na nguo za kuzuia baridi kwa wanaopangiwa mikoa yenye baridi. Orodha hiyo ni fupi na haina anasa. Mwenye kuifuata akiingia gwarideni, jicho haliwezi kumtenga mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam na mtoto wa mchuma chai wa Mufindi. Wote ni bukta na fulana. Wote wana baridi ile ile. Atakayejulikana ni yule anayejituma na yule anayetega, basi.

Historia ya nchi hii imekwisha kuonyesha jinsi vazi linavyoweza kubeba hoja nzito. JKT liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1966 ikaamuliwa kwamba wahitimu wa elimu ya juu nao walitumikie kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakifanya kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakifuatana na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga uamuzi huo. Wengi wa hao wa Chuo Kikuu walivaa majoho yao ya kitaaluma, na baadhi ya mabango yalidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa ukali, kisha zaidi ya wanafunzi 300 wakarudishwa makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Joho lile halikuwa na kosa lolote kama kitambaa. Kosa lilikuwa katika ujumbe uliobebeshwa. Mkulima aliyelipia elimu kwa jasho lake aliambiwa kwamba msomi ni mtu wa daraja jingine, asiyestahili kushika jembe wala kulala kwenye hema. Jawabu la taifa lilikuwa ni kumvua msomi joho kwa muda na kumvika vazi la kazi. Wasomi wengi wa miaka ya 1970 na 1980 walipitia Mafinga na kambi nyingine kama hiyo, nao wakiwa na mvi leo huzitaja siku zile kwa kicheko na kwa fahari. Utaratibu huo wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, na mwaka 2013 ukarejeshwa, safari hii kwa mafunzo ya miezi michache. Maadam muda umepungua hivyo, kila siku moja ya kambini ina thamani zaidi, na somo la usawa halina budi kuanza siku ya kwanza.

Tanzania si nchi pekee inayolipa uzito vazi la mwanafunzi wa mapambano. Korea kuna mchezo wa upanga uitwao kumdo, ambao hufanywa kwa panga za mianzi. Mwanafunzi mpya hakabidhiwi deraya siku ya kwanza. Hufundishwa kwanza kusimama, kuinama kwa heshima na kuvaa inavyopasa. Katika michezo mingi ya mapambano ya Kikorea, mwenye mkanda uliolegea hageuki kuurekebisha mbele ya mwalimu au bendera. Huvipa mgongo, akajitengeneza, ndipo akageuka tena. Mazoezi yakiisha, suruali pana hukunjwa kwa kufuata marinda yake. La kuzingatia zaidi ni kwamba katika kumdo hakuna mkanda wa rangi wa kutangaza cheo. Bingwa wa miaka 30 na kijana wa mwaka mmoja huweza kuvaa sawasawa kabisa, na tofauti yao ikaonekana pale tu panga zinapokutana. Watu wa mbali wamefika pale pale walipofika waasisi wa JKT: anayeanza kujifunza hupaswa kwanza kuacha nje ya mlango yale aliyokuja nayo.

Kama ndivyo, basi kuna mambo matatu ya kuangaliwa kwa makini.

Jambo la kwanza ni mfuko wa mzazi. Orodha ile iliyokusudiwa kuleta usawa inaweza, bila mtu kukusudia, kuzaa ubaguzi nje ya lango. Mzazi mwenye uwezo hununua raba imara, traksuti nzito na sweta mbili. Mzazi wa kijijini huuza debe la mahindi, akapata bukta ya kuchanika wiki ya pili, na sweta ikabaki ni ndoto. Vijana hao wawili wakisimama kwenye umande wa Mafinga, rangi za nguo zao zitafanana lakini mmoja atatetemeka. Na mahali palipo na orodha ya lazima na tarehe ya mwisho, mlanguzi hakosi kunusa. Dawa yake haiko mbali. JKT lina mkono wake wa uzalishaji mali, SUMAJKT, na ushonaji ni miongoni mwa shughuli zake. Bukta, fulana, traksuti na sweta zishonwe huko, ziwe za kitambaa kimoja, na kuruta akabidhiwe langoni kwa bei moja inayojulikana nchi nzima. Na yule ambaye serikali ya kijiji chake imethibitisha kwamba hana, apewe bila malipo na bila kutangazwa. Gharama yake haiwezi kuwa kubwa kuliko hasara ya kumfundisha kijana usawa huku amevaa ushahidi wa umaskini wa baba yake.

Jambo la pili ni mkufunzi. Kuruta hujifunza heshima ya vazi kwa kumtazama aliyelivaa kabla yake. Kombati iliyopigwa pasi vizuri haimsaidii mkubwa anayemtukana kijana kwa kabila lake, au kwa lafudhi yake, au kwa sababu baba yake ni mtu fulani. Adhabu ya kosa la vazi iwe ni kulirekebisha vazi: aliyechafua afue, aliyeacha kamba wazi afunge mbele ya wenzake na kurudia mpaka azoee. Ikizidi hapo ikawa udhalilishaji, aliyevunja heshima ya sare ni yule mwenye cheo begani. Uongozi ni dhamana, nayo haivuliwi pamoja na kofia.

Jambo la tatu ni siku ya kurudi nyumbani. Kijana aliyehitimu hushawishika kutembea mtaani na nguo inayofanana na ya askari ili wenzake wamwogope, na wapo raia ambao hawajawahi kukanyaga kambini wanaozivaa kwa nia mbaya zaidi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, likikumbusha kwamba sheria inakataza raia kuyavaa. Katazo hilo halikuwekwa kwa choyo ya kitambaa. Mwananchi akimwona mtu mwenye sare anapaswa kujua bila shaka kwamba amemwona mlinzi wake. Shaka ikiingia, jambazi hupata ngao na askari hupoteza imani ya watu. Kijana wa Mafinga afundishwe hilo kabla hajafungasha mizigo, tena aelezwe sababu yake, kwa kuwa amri iliyoeleweka huishi muda mrefu kuliko iliyotiiwa kwa woga.

Wanaohesabu faida kwa shilingi watauliza taifa linapata nini kwa bukta ya buluu na fulana ya kijani. Linapata kijana ambaye kwa wiki chache za maisha yake hakuulizwa ametoka nyumba gani. Huyo akija kuwa mganga, mgonjwa asiye na viatu atapangwa foleni moja na mwenye suti. Akija kuwa hakimu, atamtazama mshitakiwa usoni kabla ya kulitazama koti lake. Mbegu hiyo hupandwa mapema, kwenye baridi, mistarini, wakati kila mmoja amevaa kama mwenzake. Wenye dhamana na wahakikishe kwamba wamevaa sawasawa kweli.