Kijana Anayeogopa Kuanza Mchezo



Majuma matatu yaliyopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitusubiri nje ya kanisa hadi watu walipopungua. Alipokwisha kutusalimu alisema, "Padre, mwanangu haumwi, nimempima malaria mara mbili. Lakini jioni akishika simu ili acheze, mikono inamtetemeka."

Tukamwomba aeleze zaidi. Kijana wake yuko kidato cha tatu. Hucheza mchezo wa kandanda kwenye simu, ule ambao mtu aliye hapa Songea hupambana na mtu aliye Nairobi, Muscat au Paris, wasiojuana kabisa. Akicheza na mdogo wake sebuleni, hakuna wa kumfikia. Vijana wenzake wa mtaani wamekwisha kumpa sifa ya ubingwa. Lakini sasa kila jioni hufungua mchezo, hutazama kile kitufe cha kuingia katika mechi za kupanda na kushuka daraja, kisha huufunga. Akijikaza akaingia, vidole hupoa, jasho humtoka viganjani, na mpira unaomtii kila siku humponyoka.

Tunakiri mbele yenu kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa jepesi mno. Tulisema, "Mama, mnyang'anye simu, atapona." Mama akatutazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia, akasema, "Padre, hata somo la Dominika ya vijana alilopangiwa alikataa kulisoma. Na mtihani wa majaribio aliacha maswali aliyoyajua." Hapo ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa hatujasikiliza. Tungeondoa simu, na hofu ingebaki nyumbani pamoja na mtoto.

Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi juu ya hofu hiyo. Maoni yetu ni kwamba mchezo haukuizaa hofu hii, uliifichua tu. Na kwa kuwa umeifichua mahali ambapo kushindwa hakumgharimu mtoto karo wala cheti, huenda hapo ndipo mahali pema pa kujifunza kuishinda.

Tuanze na mwili. Mtu akihisi kwamba anapimwa, mwili hujiandaa kana kwamba amekutana na chui njiani. Homoni ya adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda mbio, pumzi hufupika, damu hupungua katika ngozi na vidole ikielekea kwenye misuli mikubwa ya kukimbilia. Maandalizi hayo yanamfaa mtu anayekimbia chui. Hayamfai anayetaka kusogeza kidole gumba kwa ustadi juu ya kioo cha simu, wala anayeshika kalamu, wala anayepiga kinanda. Kwa hiyo kutetemeka si dalili ya uoga wa tabia, wala si ishara kwamba mtu amelogwa. Ni mwili unaotoa msaada usio wa mahali pake.

Kisha kuna akili. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, walichapisha utafiti walioufanya kwa watu wanaojifunza kusukuma mpira wa gofu shimoni. Waliona kwamba mtu aliyekwisha kuzoea jambo huharibu pale anapoanza, kwa sababu ya shinikizo, kukichunguza kila kitendo ambacho mwili ulikuwa unakifanya wenyewe. Wanakwaya wetu wanalijua hilo. Mwimbaji aliyeimba wimbo mara mia moja, siku ya Pasaka akianza kuiwazia kila noti, hupotea katikati ya ubeti. Lakini watafiti hao waliona pia jambo la kutia moyo: wale waliofanya mazoezi huku wakipigwa picha za video, yaani waliozoea kutazamwa tangu mwanzo, hawakuharibu walipowekewa shinikizo. Macho ya watu huzoeleka, kama baridi ya Matogoro inavyozoeleka kwa anayeamka mapema kila siku.

Jambo la tatu ni lile daraja lenyewe, ambalo vijana hulitazama kama hukumu. Hebu tueleze linavyofanya kazi, maana wazazi wengi hawalijui na vijana wengi hawalifikirii. Profesa wa fizikia aitwaye Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alitunga hesabu ya kuwapima wachezaji wa sataranji. Chama cha mchezo huo cha Marekani kiliipokea mwaka 1960, na shirikisho la dunia likaipokea mwaka 1970. Tangu mwaka 2018 FIFA nayo hutumia hesabu ya jamii hiyo kuzipanga timu za taifa, Taifa Stars ikiwemo. Michezo mingi ya mtandaoni hutumia hesabu za ukoo huo huo. Kanuni yake ni rahisi: ukishinda unapanda, na ukipanda unaletewa mpinzani mwenye nguvu zaidi, mpaka ukutane na watu wa kiasi chako. Ukishafika hapo, utashinda takriban nusu na kushindwa takriban nusu. Hivyo kijana anayeshindwa mechi tano katika kumi hajaanguka. Amefika mahali pake, na hesabu inafanya kazi iliyotungiwa.

Tena kuna umbali. Nyaya za chini ya bahari zilizofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zimetuunganisha na dunia, lakini hazikuisogeza Songea karibu na Ulaya. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa hadi katikati ya Ulaya ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kwa njia iliyonyooka, ambayo nyaya haziifuati. Amri ya kidole ikienda na jibu likirudi, yaweza kupita zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mpinzani aliye jirani na seva amekwisha kupiga mpira. Tunalisema hili ili kijana ajue ni sehemu gani ya kushindwa iliyo yake na ni ipi isiyo yake. Anayejibebesha yote huvunjika mgongo, na anayesingizia mtandao siku zote hajifunzi kitu.

Wapo wenzetu wa Afrika Mashariki walioipita njia hiyo. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani katika mchezo wa mapigano wa Tekken, huku akiwa mwanafunzi wa sheria. Hatumtaji ili kila kijana wa Songea aache vitabu akitafuta usajili. Tunamtaja kwa sababu binti wa ukanda huu alikubali kutazamwa na kupimwa mbele ya dunia, na hakuyaacha masomo.

Sasa tujiulize sisi wazazi, walimu na mapadre: hofu hii mtoto ameitoa wapi? Mtoto akirudi na ripoti ya shule, swali letu la kwanza ni, "Umekuwa wa ngapi?" Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha utaratibu wa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Wengi walinung'unika. Nasi hapa parokiani tumewahi kuwasimamisha mbele ya altare watoto walioongoza katika mtihani wa katekisimu tukawapigia makofi, wala hatukumtazama aliyekaa benchi la nyuma akiwa ameinamisha kichwa. Mtoto aliyelelewa hivyo, akioneshwa namba kwenye simu, ataisoma kama thamani ya nafsi yake. Tumemfundisha sisi.

Mnaukumbuka mfano wa talanta. Yule mtumishi wa tatu hakuwa mlevi wala mwizi; hakuitapanya fedha ya bwana wake. Aliogopa, basi, akachimba shimo akaifukia. Wenzake wawili walifanya biashara, na biashara yaweza kuleta hasara. Kwa maoni yetu, katika mfano ule anayelaumiwa ni yule aliyeikataa hatari yote kwa kuogopa kuhukumiwa. Kijana anayefungua mchezo na kuufunga, anayekataa kusoma somo, anayeacha swali analolijua, amekwisha kuanza kuchimba shimo lake.

Wapo watakaosema, "Padre, sasa unawatetea watoto wanaomaliza bando na usiku wao kwenye michezo." La hasha. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo hii kuwa ugonjwa, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea nao ingawa unamdhuru. Mwenye dalili hizo anahitaji msaada, na simu huenda ikapaswa kuwekwa kando. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na mashine ya michezo nyumbani kwao, naye alijiwekea saa moja tu kwa juma. Hakuuchukia mchezo, wala hakukubali kuwa mtumwa wake. Huo ndio uhuru tunaoutafuta, na hofu inaunyima sawasawa na uraibu.

Kwa kijana mwenyewe, tunathubutu kupendekeza machache.

Kwanza, kabla ya kuanza, toa pumzi polepole, ndefu kuliko ile uliyoivuta, mara tano au sita. Moyo hupungua mwendo mtu anapotoa pumzi. Paka viganja joto.

Pili, usijiambie "tulia" ikiwa moyo unakwenda mbio, maana mwili hautakuamini. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba watu waliojiambia kuwa wana shauku waliimba, walihutubia na kufanya hesabu vizuri kuliko waliojiambia kuwa wametulia. Moyo unaodunda ni ule ule. Wewe wauite shauku.

Tatu, panga idadi ya mechi kabla hujaanza, tuseme tatu, na ukimaliza uweke simu chini, umeshinda au umeshindwa. Anayecheza ili kurudisha alichopoteza hucheza kwa hasira, na hasira haina shabaha.

Nne, chagua jambo moja la kujipima kila siku, kama kutopoteza mpira nyuma, na ulihesabu hilo badala ya daraja. Tena funga sauti za wanaotukana, hukuitwa kuwasikiliza.

Tano, jizoeze kutazamwa. Cheza mbele ya mdogo wako, kisha mbele ya marafiki wawili, kisha kibandani penye watu. Nenda kwenye mti wanapochezea bao wazee ukaone: wachezaji ni wawili na waamuzi ni kumi, kila mmoja akipiga kelele, na mzee anaendelea kusambaza kete zake bila haraka. Hakuzaliwa hivyo. Amekwisha kufungwa mara nyingi mbele ya watu hao hao, na kila alipofungwa alirudi kesho yake.

Na mtakaposhindwa, mkumbukeni mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki jijini Mexico City, alianguka akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, mguu umefungwa bendeji, giza limeingia, watu wengi wamekwisha kuondoka. Waliianza mbio watu 75. Wakamaliza 57, naye akiwa wa mwisho wao. Kumi na wanane hawakufika. Leo ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kumtaja aliyekuwa wa pili siku ile?

Yule kijana tulikutana naye Jumamosi. Hatukumkemea. Tulimweleza haya tuliyowaandikia ninyi, naye akasikiliza akitazama viatu vyake. Juma hili amerudi. Amecheza mechi tatu, ameshinda moja, na mikono ilitetemeka katika zote. Hatukumwuliza yuko daraja la ngapi. Tulimwuliza amejifunza nini, akafikiri kidogo akasema, "Padre, nilidhani nikifungwa kitatokea kitu. Hakikutokea kitu."

Amekubali kusoma somo la pili Dominika ijayo. Akikwama katikati, tunawaomba, msigeuke kumtazama. Msubirini tu, ataendelea.

Tunawatakia nyote Dominika njema na juma lenye amani. Tumsifu Yesu Kristo!