Funga ncha usiyoitumia
Ndugu mwandishi, katika maelezo yako ya kuunganisha programu kwa bomba (pipe), umezieleza vizuri pipe, fork na dup2, ila umepita mbio penye shimo lenyewe. Baada ya fork, mchakato mzazi na mchakato mwana wote wawili wanashika ncha zote mbili za bomba. Mzazi asipoifunga ncha yake ya kuandikia, read haitamwambia kamwe kwamba data zimekwisha. Atakaa akingoja hata kama mwana alishakufa zamani. Mimi nilikesha usiku mzima kwa kosa hilo hilo, chai ikanipolea mezani.

Jingine: usiite wait kabla hujasoma. Kwenye Linux, bomba kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, mwana anasimama akisubiri lisomwe, na mzazi naye anamsubiri mwana amalize. Kimya! Ukijaribu kwa matokeo mafupi huoni kasoro yoyote, ndiyo maana huwanasa watu programu ikishaingia kazini. Wenzetu wa Python watumie communicate.

Na matokeo yakichelewa kufika, usililaumu bomba. Printf ikiona haiandikii skrini, huyalimbikiza maandishi kwenye bafa mpaka ijae au programu iishe. Ita fflush.