Nyumba Isiyomalizika: Kielelezo cha Tarakilishi na Mitaa ya Eastlands

Kwenye uzio wa mabati unaozunguka kiwanja cha ujenzi katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, aghalabu hutundikwa picha kubwa ya jengo ambalo bado halipo. Kuta zake ni nyeupe, madirisha yake yanang'aa, na chini yake wanapita watu nadhifu wasio na haraka. Hamna kamba ya nguo kwenye roshani. Hamna mama mboga langoni, wala mtungi wa maji, wala kijana anayeosha pikipiki. Mpita njia huitazama akadhani ni kazi ya mchoraji. La hasha. Hilo ni jani moja tu lililochumwa kutoka kwa kielelezo cha kidijitali, yaani jengo zima lililokwisha kusimamishwa ndani ya tarakilishi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa ardhini.

Ni bayana kuwa mbinu hii imebadilisha usanifu majengo kwa kiwango kisichokuwa na mfano tangu msanifu alipoanza kutumia karatasi. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: kielelezo hicho hujengwa mbele ya nani, na kwa lugha ipi? Makala haya yanashikilia kuwa fadhila kuu ya kielelezo cha kidijitali ni wepesi wake wa kubadilika, na kwamba fadhila hiyo hupotea pale kinapofikishwa kwa wakazi kikiwa kimekamilika, kama picha ya kutazamwa badala ya mswada wa kujadiliwa.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa kudurusu kwa ufupi namna kazi ya msanifu ilivyogeuka. Kwa miongo mingi msanifu alichora kwa mkono, kwa rula, wino na karatasi angavu. Ukuta mmoja ukisogezwa, ilibidi ramani ya sakafu, mkato wa jengo na sura zake za nje, zote zichorwe upya. Mnamo 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini. Mwaka 1982 ikaja AutoCAD, iliyopeleka uchoraji huo kwenye tarakilishi ndogo za ofisini. Hata hivyo, kwa muda mrefu tarakilishi ilichukua tu nafasi ya kalamu. Mstari ulibaki kuwa mstari.

Badiliko lenyewe lilikuja na programu za aina ya ArchiCAD na Revit, hii ya pili ikiwa imetolewa mwaka 2000. Katika programu hizi ukuta si mistari miwili inayokwenda sambamba. Ukuta ni ukuta: unajua urefu wake, unene wake, umejengwa kwa mawe au kwa saruji, na una milango mingapi. Msanifu akiusogeza, michoro yote hujirekebisha, na hesabu ya vifaa hubadilika papo hapo. Bomba la maji likigongana na boriti, kosa hubainika skrini kabla halijamgharimu fundi. Mwendo wa jua na wa upepo waweza kupimwa chumba kwa chumba. Jijini Nairobi, mabadiliko hayo yaliingia hata katika ofisi za serikali ya mtaa pale Baraza la Jiji lilipoanza, mwaka 2011, kupokea maombi ya vibali vya ujenzi kwa njia ya mtandao.

Mtu anayepuuza manufaa haya hajawahi kuishi katika chumba kisichoingia mwanga. Katika mitaa kama Pipeline na Huruma, ghorofa zimesongamana hata mkazi wa chini huwasha taa saa sita mchana. Kielelezo kingeonyesha giza hilo mapema, na kwa gharama ndogo. Kwa hivyo tatizo halimo katika chombo. Tatizo limo katika dhana ya nyumba ambayo chombo hicho kimekuja kuitumikia.

Mwanafunzi wa fasihi ana njia ya kuielewa dhana hiyo. Anajua tofauti iliyopo baina ya matini iliyochapishwa na ngano inayotambwa. Ya kwanza hufika kwa msomaji ikiwa imefungwa. Ya pili hukua mbele ya hadhira, fanani akirefusha hapa na kukatiza pale kulingana na wanaomsikiliza. Nyumba ya Eastlands, tangu mwanzo wake, imekuwa na tabia ya ngano. Majengo ya Pumwani yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wenyeji wakajijengea nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, vyumba vilivyopangishwa wageni waliokuja kutafuta kazi mjini. Kaloleni ilijengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940: nyumba za chini, nyasi za pamoja na ukumbi wa jamii. Mradi wa Dandora, ulioanza katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja vipatavyo 6,000. Mwenye kiwanja alikabidhiwa choo na bafu pamoja na maji. Vyumba alitakiwa ajijengee kadiri mfuko wake ulivyomruhusu. Hata Buruburu, mtaa uliopangwa kwa makini kwa ajili ya watu wa kipato cha kati, leo una maduka, saluni na vyumba vya kupangisha mahali ambapo mchoro wa awali ulionyesha bustani.

Wapo wanaoziita nyongeza hizi uharibifu. Baadhi yake ni hatari kweli, hasa pale ghorofa inapopandishwa juu ya msingi usioweza kuibeba. Lakini zikisomwa pamoja, zinasema jambo moja: nyumba ya mtu wa kipato cha chini haimaliziki siku anapokabidhiwa ufunguo. Ni pato, ni urithi, ni mahali pa kumpokea ndugu kutoka mashambani. Kielelezo cha tarakilishi kina nafasi ya kuandika unene wa ukuta na aina ya kigae. Hakina nafasi iliyoandaliwa ya kuandika kwamba ngazi hii ndiyo mahali pa kuuzia mandazi alfajiri, au kwamba kipande hiki cha nyasi ndipo matanga hufanyika. Kisichoandikwa katika kielelezo hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakijengwi.

Uzito wa jambo hili umeongezeka katika miaka ya karibuni. Mtaa wa zamani wa Pangani, ulio kwenye njia ya kuelekea Eastlands, ulibomolewa ili kupisha majengo marefu, na mitaa mingine ya zamani ya jiji imo katika mipango ya kujengwa upya. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamtoza mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake. Maana yake ni kwamba mkazi wa Makadara au Kayole mwenye ajira rasmi huchangia, kila mwezi, ujenzi wa nyumba ambazo michoro yake pengine hataiona, na akiiona, hataweza kuisoma.

Msomaji anaweza kupinga akasema kuwa maelfu ya watu hawawezi kushirikishwa katika usanifu, na kwamba jiji lenye uhaba mkubwa wa nyumba halina muda wa mabaraza. Hoja hii ina mashiko, lakini imekwisha kujibiwa na Nairobi yenyewe. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji. Wakazi, kupitia Muungano wa Wanavijiji na washirika wake, walihesabu nyumba zao, wakashiriki katika kuchora ramani za kidijitali za makao yao, na wakajadiliana kwa makundi yaliyoanzia kaya kumi kumi. Upande wa pili wa jiji, huko Kibera, uwanja wa michezo wa Silanga ulikuwa miongoni mwa miradi ya mwanzo ya shirika la UN-Habitat kutumia Minecraft, mchezo wa tarakilishi wa kupanga matofali, ili vijana waonyeshe wenyewe walichotaka kijengwe. Chombo ni kilekile. Kilichobadilika ni aliyeketi mbele yake.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapoingia, wala hawaingii kama wageni. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi, na Kifungu cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa. Ushirikishwaji usiokuwa na istilahi ni maneno matupu. Mkazi akiulizwa maoni yake kuhusu mkato wa jengo, hali hajaelezwa mkato ni nini, atajibu kwa adabu kuwa picha inapendeza, kisha atakwenda zake.

Kiswahili hakikosi maneno ya nyumba. Katika miaka ya 1970 Usam Ghaidan, aliyekuwa mhadhiri wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliichunguza Lamu na kuonyesha jinsi mji mzima ulivyopangwa kwa mantiki yake. Lugha ya mji huo ina daka, ndani na kiwanda, na kila neno hubeba hukumu ya nani anaruhusiwa kufika wapi. Eastlands nayo ina msamiati wake. Neno ploti halimaanishi kiwanja kitupu bali vyumba vya kupangisha vyenye ua, bomba na choo cha pamoja. Maskani ni kona ya vijana. Na Sheng, iliyokulia katika mitaa hii, ina keja yake. Maneno haya ni taarifa za usanifu. Yanastahili kukusanywa, kufafanuliwa na kuingizwa katika vielelezo sawa na vipimo vya madirisha.

Wataalamu wa Kiswahili wamewahi kubishana kwa bidii iwapo kifaa hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na faida zake. Umewadia wakati wa kuuliza ni lugha gani inayozungumzwa mbele ya kifaa chenyewe. Idara za Kiswahili na za usanifu, ambazo katika vyuo kadhaa hutenganishwa na uwanja mmoja tu, zaweza kuanza na jambo dogo: faharasa ya istilahi za nyumba, na wanafunzi wa lugha kufuatana na wanafunzi wa usanifu wanapokwenda kupima mitaa. Kielelezo kiwekwe ukutani katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, ukuta usogezwe wakazi wakitazama, na wakazi waulizwe kwa lugha yao kama usogezwe tena. Fundi hajaanza kazi. Kubadilisha bado hakugharimu kitu. Picha ikishafika kwenye uzio wa mabati, wakati huo huwa umepita.