Jamani, na hawa wa sheria za kampuni tuwapigie makofi

Leo naomba tuweke pembeni nani kaachana na nani, hiyo tutarudi nayo. Mwenzenu nina jambo limenikaa moyoni tangu nihudhurie sherehe moja ya kuwazawadia wahitimu wa sheria hapa Dar. Chuo sikitaji, wahusika siwataji. Wanaojijua wanajijua.

Nilikwenda kwa sababu mtoto wa shangazi yangu alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa. Mwanafunzi bora wa sheria za kampuni. MC akasoma jina lake vibaya, binti akapanda jukwaani na joho lake, akapewa kioo chenye maandishi, picha moja, akashuka. Makofi sijui kama yalifika sekunde tano. Baada yake akapanda msanii mmoja mnayempenda sana, alikuja kutumbuiza. Ukumbi mzima ulisimama, simu zote juu. Na mimi nilisimama, sitaki unafiki.

Meza yetu kuna baba mmoja aliuliza, "Sasa hii sheria za kampuni inatusaidia nini sisi? Si ya wawekezaji hiyo?" Tukacheka. Hata mimi nilicheka, maana nilidhani hivyo hivyo. Mwanasheria kwangu ni wa talaka, kiwanja, au ndugu kakamatwa.

Baada ya miezi kadhaa, kicheko kikanigeukia.

Mimi na marafiki zangu wawili tulikuwa na kampuni ya mapambo ya harusi. Siyo kubwa, lakini tumesajili BRELA, tunalipa kodi, tuna vijana sita wanaotutegemea. Ile katiba ya kampuni tulipochapisha stationery tulimwambia kaka wa pale atupe ya watu wengine abadilishe majina. Nani asome kurasa zote zile za Kiingereza? Tukatia saini tukaenda kula chipsi.

Mwenzetu mmoja akafariki. Ghafla, ugonjwa wa siku nne. Yeye ndiye alikuwa anatia saini benki pamoja na rafiki yetu wa pili. Tumetoka msibani, tunakwenda benki kuomba mishahara ya vijana, tunaambiwa saini ni mbili na mmoja hayupo, leteni azimio la wakurugenzi la kubadilisha watia saini. Sawa. Tunafungua katiba, tunakuta imeandikwa akidi ya kikao cha wakurugenzi ni watu watatu. Tumebaki wawili! Yaani hela ni yetu, iko pale tunaiona, na hatuwezi hata kukaa kikao halali cha kuiomba. Huku familia ya marehemu nayo inauliza, haki ya mtoto wetu iko wapi? Tukaanza kuangaliana vibaya, watu tuliozikana.

Ndipo mama akasema, "Si yupo yule binti wa shangazi yako aliyepewa zawadi ya makampuni?"

Alikuja Jumapili jioni, akaomba chai na ile katiba. Akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, sisi tumekaa kimya kama tunasubiri majibu ya hospitali. Akaweka kidole mahali. "Dada, humu humu mlimonakili kuna kifungu kinasema wakurugenzi waliobaki, hata kama hawafikii akidi, wanaweza kukutana kwa mambo mawili tu: kuteua mkurugenzi wa kujaza nafasi, au kuitisha mkutano wa wanahisa." Basi. Tuteue wa tatu, akidi itimie, kisha ndiyo tupitishe azimio la benki, na BRELA tuwajulishe mabadiliko.

Tukamteua mdogo wake marehemu. Kuhusu hisa, binti akaielewesha familia kwa Kiswahili safi kwamba hisa za marehemu hazijapotea wala hatujazila, zinaingia kwenye mirathi kama nyumba au shamba, na atakayezishughulikia ni msimamizi wa mirathi akishateuliwa na mahakama. Mama wa marehemu alilia. Alidhani tunamdhulumu. Na binti hakujifanya anajua kila kitu, alisema, "Mimi bado sijaapishwa kuwa wakili, nendeni kwa wakili awaandalie hizi karatasi." Tukaenda. Vijana wakalipwa.

Sasa niambieni, hiyo ni sheria ya wawekezaji?

Binti alinisimulia kesi moja ambayo anasema kila mwanafunzi wa sheria lazima aisome, ya fundi viatu wa London, Aron Salomon. Alisajili kampuni yenye hisa 20,007. Yeye alishika 20,001, mke na watoto watano wakapewa moja moja. Biashara ikaanguka, wadai wakasema kampuni na Salomon ni kitu kimoja, alipe mwenyewe. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema hapana, kampuni ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria, hata kama mwenye nayo ni mmoja. Ndiyo maana hata hapa kwetu, ukisajili kampuni halali na kuiendesha kihalali, ikifa na madeni yake, wadai hawaji tu kubeba kochi lako, labda uwe umeidhamini mwenyewe. Lakini ndiyo maana pia hela ya kampuni siyo ya kutoa ukanunulie wigi. Wangapi wetu tunaojiita CEO kule Instagram tunalijua hilo?

Na yule msanii wa siku ile? Mlimwona wenyewe baadaye kwenye video, analia kwamba akaunti yenye nyimbo zake ni mali ya kampuni iliyokuwa inamsimamia, na jina la kisanii nalo limesajiliwa na hao hao. Alisaini mkataba bila kuusoma, kama mimi na katiba yangu. Mtu ambaye angemsomea kabla hajasaini alikuwa meza ya tatu, ameshika kioo chake, na hakuna aliyejua ana faida gani.

Nawasikia wengine mtasema, "Aah, hao wanasoma wapate ofisi zenye kiyoyozi Posta, wawatetee matajiri." Wengine ndiyo, siwezi kubisha. Na zawadi zenyewe mara nyingi wanaotoa ni mabenki na kampuni kubwa za mawakili, wanajichagulia vijana wao mapema. Sioni dhambi. Ila tukiwaachia wao peke yao kazi ya kuwaheshimu, tusishangae vijana wakiona wanaostahili huduma yao ni hao tu.

Pia tusidhani njia yao ni lelemama. Baada ya shahada bado kuna Law School of Tanzania, na nani amesahau matokeo ya Oktoba 2022? Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Wengine 342 wakatakiwa kurudia mitihani, 265 wakaondolewa kabisa. Nchi nzima iligombana kosa ni la nani, vyuo, walimu au wanafunzi. Kwa hiyo kijana akifanya vizuri kwenye somo gumu, tusimpe sekunde tano.

Mimi nina maombi matatu kwa wanaoandaa sherehe hizi.

Kwanza, mwambieni MC aseme huyu kijana kafanya nini. "Mwanafunzi bora" peke yake haitoshi. Ameandika utafiti kuhusu nini? Unatusaidia wapi? Dakika moja tu, kwa lugha ya baba wa meza yetu.

Pili, punguzeni vioo. Kioo kinakaa juu ya kabati la shangazi kinakula vumbi. Mpeni ada ya mafunzo au nafasi ya kujifunza kazi ofisini kwa wakili mzoefu. Binti wetu, pamoja na kioo chake, alizunguka na bahasha miezi mingi akitafuta pa kujifunzia.

Tatu, na hili ni kwa wahitimu wenyewe. Heshima mliyopewa ina deni. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini mikataba mingi ya biashara tunayoletewa mezani bado ni Kiingereza kigumu. Tengeni hata Jumamosi moja kwa mwaka, mkae na wasanii, mama lishe waliosajili kampuni, vijana wa mapambo kama sisi, mtusomee karatasi zetu kwa lugha yetu. Hamtafilisika. Na sisi tukizoea, tutaanza kulipa kabla ya tatizo badala ya kuja tunalia.

Binti anaapishwa karibuni, Mungu akipenda. Sisi wa kampuni ya mapambo tumeshasema ukumbi tunapamba bure, na safari hii MC nitamwandikia jina kwa herufi kubwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani kati yenu aliwahi kusaini bila kusoma? Na wewe mwenye kampuni, akidi ya kikao chenu ni watu wangapi? Usinijibu sasa hivi, nenda kaangalie kwanza.