Sahani ya Kuruta na Kiti cha Ofisini

Juma hili twazungumza juu ya unene, mgeni aingiaye kambini bila kupiga hodi.

Kuruta aliyeko mafunzoni huamka kabla ya alfajiri, hukimbia, hupiga kwata na kubeba mzigo mgongoni. Mlima wa posho na maharagwe anaoula mchana huteketea wote. Miaka kumi baadaye askari yule yule ni dereva au karani wa stoo. Kazi imebadilika, lakini sahani ni ile ile. Chakula kinachozidi mahitaji ya mwili hugeuka mafuta, na mkanda huanza kutafuta tundu jingine.

Wako wanaodhani kitambi ni alama ya cheo. Tena hapa Uganda ipo hofu nyingine. Katika miaka ya 1980 UKIMWI uliitwa "Slim", kwa kuwa uliwakondesha wagonjwa. Tangu hapo mtu apunguapo, majirani hunong'ona. Minong'ono isimzuie mtu kujilinda. Unene uliozidi huandaa njia ya shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo, nayo humwondoa askari kazini hali watoto wangali shuleni.

Jipimeni kiuno kwa tepu ya fundi cherehani. Mwanamume akifikia sentimita 94, au mwanamke asiye na mimba akifikia sentimita 80, hatari imeanza kuongezeka.

Dawa si kushinda na njaa, kwani aliyeshinda bila kula hula jioni chakula cha watu wawili. Dawa ni kubadili mazoea ya kila siku.

Kwanza, vinywaji. Soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni heri sukari ya kuongezwa isipite vijiko sita hivi kwa siku nzima. Punguzeni sukari ya chai kidogo kidogo, ulimi utazoea. Bia nayo isisahauliwe: gramu moja ya kileo hutoa kalori 7.

Pili, mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali ya wanga hutoa 4. Mama apikaye apime mafuta kwa kijiko, asimimine kutoka chupani. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hayana lawama. Mchuzi wa karanga ndio utiwe kwa kiasi. Chapati na mandazi visiwe chakula cha kila asubuhi.

Tatu, mpango wa sahani. Nusu iwe mboga, kama dodo, nakati au kabichi. Robo iwe posho, matoke au wali. Robo iliyobaki iwe maharagwe, samaki au nyama isiyo na mafuta mengi.

Nne, aendaye lindo la usiku afungashiwe chakula cha nyumbani, asije akategemea chapati na soda za njiani.

Chakula hiki kiwe cha nyumba nzima, Bwana asitengwe na chungu chake peke yake. Lakini watoto wanaokua wasipunjwe. Wao wapunguziwe soda tu.

Msitazamie miujiza. Nusu kilo kwa juma yatosha. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, moyo na damu yake huanza kupata nafuu. Mjamzito, na mwenye kisukari atumiaye dawa, wamwone daktari kabla ya kubadili chakula. Naye akondaye bila kukusudia asifurahi, bali aende hospitali apimwe.

Haba na haba hujaza kibaba; na kibaba kilichojaa hupunguzwa vivyo hivyo, haba kwa haba. Jioni ya leo, mpakuapo, anzeni na mboga.